Yaani ya Waingereza

Msemaji wa Kiswahili anapotaka kufungua neno lililojifumba husema "yaani", kisha hupita bila kulitazama neno hilo lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo ni kitendo kamili chenye mtendaji wake: maana yake ni "anakusudia" au "inamaanisha", na shina lake ndilo lililozaa vilevile neno "maana". Basi kila asemaye "yaani" hutoa ushahidi juu ya nia ya maneno yaliyotangulia, awe amejua au hakujua. Waingereza nao wana maneno ya kazi hiyohiyo, na wanayo kwa wingi unaozidi haja: "namely", "to wit", "that is", "that is to say", pamoja na vifupisho vya Kilatini kama "viz.", "i.e." na "sc.". Vitabu vya sarufi huyapa mistari michache, kisha huendelea na mambo yanayodhaniwa kuwa makubwa zaidi. Lakini sehemu iliyo nono ya historia yake haikuandikwa na wanasarufi. Iliandikwa mahakamani, ambako watu walishinda na kushindwa, walilipa faini na kulala gerezani, kwa ajili ya swali ambalo maneno haya huliamsha kila yatumikapo: yale yajayo baada ya neno la kufafanulia, je, yalikuwamo katika yale yaliyotangulia, au yamepenyezwa?

Asili ya maneno yenyewe yafaa ijulikane kwanza. "Viz." ni kifupisho cha "videlicet", nalo ni maneno mawili ya Kilatini yaliyogandana, "videre licet", yaani "yaruhusiwa kuona". "Sc." ni "scilicet", kutoka "scire licet", "yaruhusiwa kujua". Warumi walikuwa na ndugu wa tatu, "ilicet", "yaruhusiwa kwenda", aliyetumika kuwatawanya watu shughuli ilipokwisha. Huyo hakufika Uingereza. Kwa Warumi wenyewe "scilicet" na "videlicet" yalikuwa mara nyingi maneno ya kutilia mkazo, kama "bila shaka" au "ni dhahiri", na aghalabu yalisemwa kwa kejeli. Makarani wa zama za kati ndio waliozidi kuyafunga katika kazi ya kufafanua, na katika kalamu zao ile kejeli ilikauka.

Baada ya mwaka 1066, Wanormani walipoitwaa Uingereza, nchi hiyo ilikaa karne kadhaa na lugha tatu. Kilatini kilikuwa lugha ya kumbukumbu za mahakama na kanisa, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mabishano ya wanasheria, na Kiingereza kikabaki vinywani mwa watu wa kawaida. Mwanasheria aliyebishana kwa Kifaransa alifafanua kwa kusema "c'est assavoir", "ni la kujua". Mwenzake aliyeandika Kiingereza alisema vivyo hivyo kwa maneno ya kwao, "that is to wit", kwa kuwa "wit" lilikuwa kitendo cha kale chenye maana ya kujua. Baadaye maneno ya mbele yalidondoka, ikabaki "to wit". Leo Mwingereza asikiapo "wit" hufikiri juu ya akili nyepesi na mzaha, na kile kitendo cha kale hakisikii tena. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611 bado ina neno hilo kwa maana yake ya zamani, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho mlango wa 8, mahali ambapo Mtume awajulisha wasomaji wake habari za neema. Kadhalika "that is to say" ni kivuli cha Kifaransa "c'est-à-dire". Geoffrey Chaucer alipokifasiri kitabu cha Boethius cha faraja ya falsafa, karibu na mwaka 1380, alikuwa akisimama kila mara katikati ya sentensi, akaandika "that is to seyn", na kutia maelezo ambayo mengine aliyapata kwa wafafanuzi waliomtangulia. Msomaji wa tafsiri hiyo humsikia Boethius akisema, na pembeni yake mwalimu asiyeweza kunyamaza.

"Namely" lina njia yake peke yake. Limejengwa juu ya neno "name", jina, na lina jamaa katika Kijerumani na Kiholanzi, "nämlich" na "namelijk". Zamani halikuwa na maana ya "yaani". Katika Kiingereza cha zama za kati lilikuwa na maana ya "hasa": mtu alisema watu fulani walifika, na "namely" fulani, yaani huyo zaidi ya wengine. Kutoka kumtaja mmoja kwa upendeleo hata kuwataja wote kwa majina hapana mwendo mrefu, na lugha ilikwenda mwendo huo polepole. Lakini tofauti ya maana si ndogo. "Hasa" huacha wengine mlangoni. "Yaani" hufunga mlango.

Lugha ya mahakama haikubadilika kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1362, katika enzi ya Edward wa Tatu, ilitungwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa hakikujulikana tena na watu wengi wa nchi. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa, na ikaagiza kumbukumbu ziendelee kuwekwa kwa Kilatini. Mwaka 1650, wakati Uingereza haikuwa na mfalme, Bunge liliamuru vitabu na hati za sheria vigeuzwe kuwa Kiingereza. Mfalme aliporudi mwaka 1660 amri hiyo ikatupwa. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1730, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1733, ndipo Kilatini na Kifaransa vikaondolewa katika hati za mahakama. Sheria hiyo ilitaka kila neno liandikwe kwa ukamilifu bila kukatwa. Makarani walitaabika, na mara ikapitishwa sheria nyingine ya kuruhusu tarakimu pamoja na vifupisho vilivyokwisha kuzoeleka katika Kiingereza. Kwa ruhusa hiyo "viz." lilibaki ndani ya nyumba ambayo mama yake alifukuzwa.

Herufi ya mwisho ya kifupisho hicho huwashangaza wanafunzi, maana hakuna "z" katika "videlicet". Waandishi wa zama za kati, walipochoka kuandika mwisho wa neno, walitia alama iliyofanana na tarakimu ya 3 au na "z" yenye mkia, na mojawapo ya kazi za alama hiyo ilikuwa kusimama badala ya "et". Mahali pa alama hiyo paliingia "z" ya kawaida. Hata leo watu wengi wakilikuta "viz." katika kitabu hulisoma kwa sauti kama "namely", jicho laona neno moja na ulimi hutamka jingine. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, hakuficha chuki yake: aliliona umbo la neno hilo kuwa la kishenzi, na neno lenyewe kuwa lisilohitajika. Kuhusu umbo, alikuwa na hoja. Kuhusu haja, majaji wa nchi yake mwenyewe wangalimpinga.

Mwaka 1615, katika kesi ya Stukeley na Butler, Sir Henry Hobart, Jaji Mkuu wa mahakama iliyoitwa Common Pleas, yaani mahakama ya madai baina ya raia, alieleza tabia ya "videlicet" kwa uangalifu ambao hakuna mwanasarufi wa wakati wake aliyeufikia. Alilifananisha fungu la maneno linaloanza na neno hilo na mjakazi anayehudumia maneno ya mwenziwe. Kazi yake halali ni kutaja kimoja kimoja kile kilichosemwa kwa ujumla, au kugawanya kile kilichowekwa katika fungu moja, au kueleza chenye giza. Kuongeza hakuruhusiwi, wala kupunguza. Mfano wa karibu utasaidia. Mtu akiuza "mashamba yangu yote ya Pemba, yaani la Wete na la Mkoani", na kumbe ana la tatu Chake Chake, mnunuzi atadai matatu na muuzaji atashikilia mawili. Kwa kanuni ya Hobart neno "yote" limekwisha kusema kwa nguvu, na mjakazi hana mamlaka ya kulifinya. Mambo yangekuwa mengine kama maneno ya kwanza yangalikuwa legevu, yenye kuweza kupokea mpaka bila kuvunjika. Hapo "yaani" ingeweza kuyawekea mpaka. Kwa hiyo swali haliko katika neno la kufafanulia peke yake. Jaji hurudi nyuma na kupima uzito wa kilichofafanuliwa.

Wanasheria, kama ilivyo desturi yao, waligeuza kanuni hiyo kuwa kinga. Katika mashauri ya zamani mdai aliyetaja tarehe au idadi aliweza kubanwa aithibitishe kama alivyoitaja, na akikosea kidogo dai lake huanguka. Wakaanza kuandika kwamba mdaiwa alichukua "ng'ombe kadhaa, to wit, ng'ombe 10", na kwamba alifanya hivyo "siku fulani, to wit, siku ya kwanza ya Mei". Maana yake kwa mahakama ilikuwa hii: idadi na tarehe zimetajwa kwa kuwa kanuni yataka zitajwe, lakini mdai hajifungi nazo. Neno lililozaliwa kuleta uhakika likawa ishara ya kutokuwa na uhakika. Hata hivyo kinga hiyo ilikuwa na mwisho wake. Jambo likiwa ni kiini cha kesi, kulificha nyuma ya "videlicet" hakukumwokoa mtu.

Ujanja wa namna hiyo ulifikia kilele chake katika kesi ya kisiwa cha Minorca. Kisiwa hicho cha bahari ya Mediterania kilikuwa chini ya Uingereza, na gavana wake aliitwa John Mostyn. Mwenyeji mmoja, Anthony Fabrigas, alipeleka malalamiko juu ya biashara ya mvinyo wake. Gavana akamtia gerezani bila kumhukumu, kisha akamfukuza hata Cartagena katika Hispania. Fabrigas alisafiri mpaka London akamshtaki gavana huko, na mwaka 1773 juri ilimpa fidia ya pauni 3,000. Lakini palikuwa na kizuizi. Kwa desturi ya kale, juri ilitakiwa kutoka mahali tendo lilipotendeka, na mahakama za London hazikuwa na juri ya Minorca. Basi hati ya madai iliandikwa kwamba Fabrigas alipigwa na kufungwa kisiwani Minorca, "to wit" katika jiji la London, katika parokia ya St Mary le Bow, mtaa wa Cheap.

Kila mtu katika chumba cha mahakama alijua kwamba Minorca haimo katika mtaa wa Cheap. Mawakili wa gavana walikata rufaa, na mwaka 1774 Lord Mansfield alitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wangali wakiisoma. Alisema kwamba maneno yale ya "to wit" ni hadithi iliyobuniwa na sheria ili haki ipate mahali pa kusimama, na mtu hataruhusiwa kuikanusha kwa kusudi la kuizuia haki hiyohiyo. Kama gavana hakuweza kushtakiwa Uingereza, basi hakuweza kushtakiwa popote, kwa kuwa kisiwani mwenye amri alikuwa ni yeye. Ukali wa Hobart ulitulizwa hapa. Mjakazi asiyeruhusiwa kuongeza aliongeza kisiwa kizima ndani ya parokia moja ya London, na mtawaliwa akapata haki yake dhidi ya mtawala. Wapo wanaoitaja kesi hii kama kichekesho cha wanasheria. Kwa Fabrigas, aliyekwisha kulala shimoni na kuhamishwa kwao, haikuwa kichekesho.

Dada yake "to wit" katika mashauri ya kashfa alikuwa na maisha magumu zaidi. Huyo ni "innuendo". Leo neno hilo katika Kiingereza ni fumbo la kuumiza, lile ambalo wanawake wa pwani huliita kijembe, linaloweza kuchapwa hata juu ya kanga, na mvaaji akiulizwa hujibu kwamba amevaa nguo tu. Asili yake haikuwa hiyo. Katika Kilatini ni "kwa kuashiria kwa kichwa", na makarani walilitumia kama mabano ya ufafanuzi wakati wa kunukuu maneno ya kashfa: "yeye, innuendo mdai aliyetajwa, ni mwizi". Kiingereza kilipotwaa mahali pa Kilatini, makarani waliandika "meaning", "akimaanisha", yaani "yaani" ile ya Waarabu kwa mavazi mengine. Haukupita muda watu wa nje ya mahakama wakaona jinsi mabano hayo yanavyopachikwa maana ambazo msemaji hakuzitamka, na katika karne ya 17 neno lenyewe likaanza kuitwa kwa jina la kosa linalofanywa kwalo.

Mfano mashuhuri ni kesi ya ghala, ya Barham, mwaka 1602, iliyowekwa katika kumbukumbu za Sir Edward Coke. Mtu mmoja alisema ya kwamba Barham alimchomea ghala lake. Barham akamshtaki kwa kumkashifu, na katika hati yake akatia mabano baada ya neno ghala: innuendo, ghala lililojaa nafaka. Kwa nini nafaka? Kwa sababu katika sheria ya wakati ule kuchoma ghala tupu lililosimama mbali na nyumba ya kuishi hakukuwa kosa kubwa la jinai, na kuchoma ghala lenye nafaka kulikuwa. Msingiziaji alikuwa amesema "ghala". Nafaka ilitiwa na mdai mwenyewe. Majaji walikataa. Mabano ya ufafanuzi, walisema, hufafanua neno lililosemwa, nayo hayawezi kulijaza nafaka ghala ambalo msemaji aliliacha tupu. Kama Barham alitaka nafaka ihesabiwe, ilimpasa aieleze mapema kama jambo la hakika: kwamba palikuwa na ghala, kwamba lilikuwa na nafaka, na kwamba mazungumzo yalihusu ghala hilo.

Kanuni hii ilikuwa ngao ya watu wadogo mbele ya serikali. Katika karne ya 18 waandishi wa London waliokejeli wakubwa walizoea kuandika herufi ya kwanza na ya mwisho ya jina na kuweka mstari katikati. Mwendesha mashtaka aliyetaka kuwafunga alilazimika kuujaza mstari huo yeye mwenyewe kwa maandishi, akisema "meaning" mfalme wetu, "meaning" waziri fulani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapo serikali ndiyo iliyolazimika kuligangua hadharani, na kuliandika tusi ambalo mshtakiwa hakuliandika.

Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa Mfalme wa Uingereza walipigana na wenyeji wa makoloni ya Marekani huko Lexington na Concord. Miezi miwili haijapita, John Horne, aliyekuwa kasisi akauacha ukasisi, alitangaza magazetini mchango wa pauni 100 kwa ajili ya wajane na yatima wa Wamarekani waliokufa, akasema kwamba askari wa Mfalme waliwaua kikatili. Alishtakiwa kwa kashfa ya uchochezi. Kesi ilisikilizwa London tarehe 4 Julai 1777 mbele ya Lord Mansfield, yule yule wa Minorca, na Horne alijitetea mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha miezi 12 na faini ya pauni 200.

Hoja yake kubwa baada ya kutiwa hatiani ilikuwa ya kesi ya ghala. Hati ya mashtaka, alidai, haikueleza mapema kama jambo la hakika ni nini kilichotokea Lexington, wala kwamba askari wale walikuwa kazini kwa amri ya serikali. Ilisema tu kwamba maandishi yake yalikuwa "of and concerning" serikali ya Mfalme na matumizi ya majeshi yake, yaani juu ya mambo hayo na kuyahusu. Je, vihusishi viwili vyaweza kubeba mzigo ambao sheria ilitaka ubebwe na maelezo kamili? Shauri lilifika katika Baraza la Malodi mwaka 1778. Sir William De Grey, akisema kwa niaba ya majaji, alipanga upya kanuni yote: kwanza maelezo ya jambo lenyewe, pili maneno yanayoyafunga matamshi na jambo hilo, tatu innuendo, ambayo kazi yake ni kueleza tu na kamwe haiongezi. Akalirudia ghala la Barham kama mfano. Kisha akaamua kwamba katika hati hii vihusishi vile vilitosha. Hukumu ikabaki kama ilivyokuwa.

Mfungwa huyu hakukaa akilia. Mwaka 1778 alimwandikia mwanasheria John Dunning barua ndefu, ikachapishwa, na barua yenyewe ilikuwa somo la sarufi. Alichunguza kesi ya Lawley, iliyohusu mwanamke aliyeshtakiwa kwamba alitenda jambo "akijua kwamba" mtu aitwaye Crooke ameshtakiwa kwa kughushi. Ilidaiwa kuwa maneno hayo hayasemi waziwazi kuwa Crooke alishtakiwa. Yanasema tu alichokijua mwanamke. Horne alijibu kwamba kiunganishi "that" ni kielekezi kilichochakaa. Ifungue sentensi, alisema, nayo ni hivi: Crooke alishtakiwa kwa kughushi, mwanamke, akijua hilo, alitenda kadha wa kadha. Hakuna tamko lililo wazi kuliko hilo. Kama "that" lilionekana halitoshi katika kesi ya Lawley, vipi "of" na "concerning" vitoshe katika kesi yake? Ndiyo maana baadaye alijiita mhanga wa vihusishi viwili na kiunganishi kimoja.

Barua hiyo ilikua ikawa kitabu, The Diversions of Purley, kilichotoka mwaka 1786, wakati huo mwandishi akiwa amekwisha kuongeza jina la rafiki yake na kuitwa John Horne Tooke. Nadharia ya kitabu ni kwamba viungo vyote vya lugha, vihusishi kwa viunganishi, ni majina na vitendo vilivyosagika kwa matumizi. Kitabu kilipendwa mno na kizazi kizima cha Waingereza, kisha kikaporomoka wataalamu wa karne ya 19 walipoanza kulinganisha lugha kwa utaratibu. Asili nyingi alizozitoa zilikuwa za kubuni. Alidhani, mathalani, kwamba "if" ni amri ya kitendo cha kutoa, na hilo si kweli. Juu ya "that" alikuwa sahihi. Na juu ya ukoo wa maneno ya kufafanulia nadharia yake yakaribia kuwa kweli tupu: "viz." ni kuona, "to wit" ni kujua, "that is to say" ni kusema, "i.e." ni kuwa, "innuendo" ni kuashiria, kama vile "yaani" ilivyo kukusudia. Kila kimoja ni kitendo kilichopoteza mtendaji wake. Yamkini hapo ndipo ilipo hatari yake, maana kitendo kisicho na mtendaji hakina wa kuulizwa: nani anaona, nani anajua, nani anakusudia? De Grey na Horne waligombana juu ya swali hilohilo kutoka pande mbili, na aliyelielewa vizuri zaidi ndiye aliyekuwa gerezani.

Utaratibu wa mwaka 1778 haukudumu. Sheria ya mwaka 1852 iliyorekebisha mwenendo wa mashauri ya madai iliwaruhusu wadai wa kashfa kueleza moja kwa moja maana mbaya wanayoilalamikia, pasipo yale maelezo ya utangulizi. Jina la "innuendo" lilibaki, nalo lilisafiri na sheria za Kiingereza kokote zilikopelekwa. Mahakama za Kenya zilipokea sheria hizo kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo wakili wa Nairobi au Dar es Salaam aletaye shauri la kashfa bado huandika neno hilo katika hati yake.

Uingereza kwenyewe vifupisho vya Kilatini vimeanza kuonewa haya. Mwaka 2016 idara inayosimamia kurasa za serikali katika intaneti ilitangaza kuviacha polepole "eg", "ie" na vyenzao, kwa kuwa watu waliojifunza Kiingereza ugenini huvichanganya, na programu zinazowasomea vipofu huweza kulitamka "eg" kama neno la Kiingereza la yai. "That is to say" halikuguswa. Hilo lina makao ya kudumu katika sheria, ambako kwa vizazi vingi limetangulia orodha za watu, vitu na mahali, na halikukosekana katika sheria zilizotungwa kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zake, na kwa hiyo sheria za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza zilipaswa kufasiriwa. Mfasiri anapofika penye "that is to say" au "namely" ana maneno kadhaa mkononi, na katika mazungumzo ya kila siku watu hawayatengi sana: "yaani", "ambayo ni", "hasa", "kama vile". Akiandika "yaani", orodha imefungwa, kama ilivyokuwa katika Kiingereza. Akiandika "hasa", amelirudisha "namely" katika zama za Chaucer. Na akiandika "kama vile", orodha iliyofungwa miaka mia iliyopita inafunguliwa kwa maneno mawili, na mfanyabiashara ambaye bidhaa yake haikuwamo katika vitu vilivyotajwa aweza kujikuta mbele ya hakimu, akijibu mashtaka ya sheria ambayo jana haikumhusu.